Miaka 4 geto moja: mimi Mkatoliki wa Mbinga, yeye Muislamu wa Muheza. Kaoa kaondoka, ngoja niwasimulie

Mwana_Mbinga (mleta uzi)

Wakuu salaam. Leo nimetoka misa ya kwanza nikarudi geto nikakuta nusu ya chumba tupu, nikasema ngoja niandike tu maana hakuna wa kupiga naye stori. Uzi utakuwa mrefu, mwenye haraka zake apite, mwenye chai na andazi akae.

Mimi kwetu Mbinga, Ruvuma, kwenye kahawa. Kule ukisema hujabatizwa watu wanakuangalia kama umesema huna kitovu. Dar nilikuja kutafuta, na mpaka leo ni winga Kariakoo. Kwa wasiojua, winga hana duka, ana miguu na mdomo. Unakuja unatafuta tivii nakudaka hapo Msimbazi, nakupeleka duka ninalolijua mimi, mwenye duka anataka 85,000 mimi nakwambia 110,000, ukikubali basi ile cha juu ndo ugali wangu wa siku.

2021 nikapata chumba Manzese, 60,000 kwa mwezi, mama mwenye nyumba anataka ya miezi 6 na dalali anataka yake ya mwezi mmoja, jumla 420,000, mimi mfukoni nina 200,000 na ya kuazima. Kulikuwa na fundi simu mmoja wa mtaa wa Aggrey tunasalimiana tu, tulikuwa tunakula kwa mama ntilie mmoja, huyo fundi humu tumuite Muheza maana ndo kwao. Naye alikuwa anaishi kwa shemeji na shemeji ameanza kufunga geti saa 2 usiku, si mnajua maana yake. Tukaunganisha nguvu tukaingia.

Siku ya kuhamia mimi nikatangulia, nikatundika picha ya Bikira Maria niliyopewa na bibi. Jioni jamaa kaja katandika mswala, kasimama, kaangalia ukuta, kakunja mswala katoka kimya kaenda kuswali msikitini. Kesho yake hivyohivyo, kesho kutwa hivyohivyo. Siku ya nne ndo nikashtuka. Kibla kwa sisi wa Dar kiko kaskazini, na mimi mama wa watu nimemtundika ukuta wa kaskazini dede. Nikamuuliza mbona hukusema, akanijibu "ukuta wako bwana, ulitangulia kufika". Nikaihamishia picha upande wangu karibu na mlango. Nilipomsimulia bibi kwa simu nilidhani atanuna, akasema afadhali, sasa anaona kila anayeingia.

Sheria zilikuwa mbili tu. Kitimoto (nguruwe) haiingii ndani, hata kwenye mfuko, hata harufu, ukila huko Jumamosi yako nawa mikono, piga mswaki ndo uje. Na LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla, akinunua huyu leo kesho ananunua yule, hakuna habari ya "mimi sikuwepo wikiendi". Ugomvi mwingi ulikuwa wa LUKU, ule wa dini haukufika hata mmoja kwa mwaka.

Naendelea, ngoja nichaji simu.

Kibopa_wa_Tandika

Nimekaa siti ya mbele. Usituache njiani kama wale wa simulizi za majini, mtu anafika sehemu ya 4 anapotea mwaka mzima.

Shangazi_Mdogo

😂😂 Hiyo ya LUKU umenigusa. Mi nimekaa Sinza na dada Msabato miaka miwili, mimi Mlutheri. Ijumaa jua likizama kwake kazi zote zimeisha mpaka Jumamosi jua lizame, kupika marufuku, pasi marufuku, so Ijumaa mchana tunapika sufuria la watu kumi. Nilikuwa nalalamika, sahivi nimeolewa nina watoto wawili naitamani ile Jumamosi ya kukaa tu.

Mzee_wa_Hoja

Hizi stori za kuishi pamoja kwa amani huwa tamu mwanzoni. Maji na mafuta kijana. Subiri tuone.

Mwana_Mbinga

@Mzee_wa_Hoja subiri hivyohivyo mzee wangu.

Sasa 2022. Biashara ilikufa, kuna miezi winga anarudi nyumbani na nauli tu. Winga mwenzangu mmoja akanipeleka kwenye huduma moja siitaji, kinanda kizuri, maji ya upako, watu wanaanguka, na mimi nilivyo na shida zangu nikaona huku ndo kuna Mungu anayejibu fasta, kule kwetu misa ni ileile tangu niko tumboni. Wiki ya tatu wakasema panda mbegu, yaani toa sadaka, na mbegu inayozaa ni ile inayouma. Mimi inayouma ninayo moja tu, 180,000, nusu yangu ya kodi ya miezi sita. Nikaipanda yote wakuu. Nikatoka pale mwepesi kama karatasi, nikaenda kungoja mavuno.

Yaliyokuja ni mama mwenye nyumba.

Nikamwambia Muheza nimeibiwa kwenye mwendokasi, Kimara ile ya jioni mnavyobanana. Akaamini. Akauza mashine yake ya kuchomelea simu, ile aliyoinunua kwa kujinyima, akalipa kodi yote 360,000 na hakuniuliza nitarudisha lini. Mwezi mzima namuangalia anaazima mashine kwa fundi wa jirani, mimi nimeshikwa koo, siwezi kusema. Siku nikasema. Nilijua ataucheka ujinga wangu au ataanza mahubiri, "si unaona dini yenu". Wala. Kilichomkasirisha ni uongo. Akaniambia, "Mwezi mzima naswali usiku nawaombea dua mbaya wezi wa mwendokasi, kumbe nilikuwa nakuombea wewe."

Hatukuongea siku mbili. Ya tatu akaniuliza, lile kanisa la bibi yako lilikukosea nini? Sikuwa na jibu. Akauliza tena, nyinyi mtaani mnakutana lini? Nikamwambia Jumamosi asubuhi kuna jumuiya, ila mimi sijaenda tangu nihamie.

Kwa wasio Wakatoliki nifafanue. Jumuiya ndogo ndogo ni familia chache za mtaa mmoja, mnazunguka nyumba kwa nyumba, hapa Dar wengi ni Jumamosi saa 12 na nusu asubuhi, mnasali, mnasoma neno, mnachanga, mnapeana habari za wagonjwa. Na huko ndo unajulikana. Ukitaka ndoa au kubatiza mtoto, paroko anauliza jumuiya yako inasemaje, na ukifa bila jumuiya hata marehemu anapata tabu. Vijana tunakimbia maana ni asubuhi, halafu pale wewe na miaka yako 26 unachangishwa na wamama wanaojua mshahara wako kuliko wewe.

Basi Jumamosi iliyofuata jamaa katoka kuswali alfajiri, badala ya kulala kakaa kwenye kitanda changu, kavuta shuka. "Jumuiya." Nikavuta shuka. Akavuta. Tangu siku ile mpaka anaondoka, nadhani kakosa Jumamosi tano, na zote alikuwa safari. Mimi kazi yangu ilikuwa daku, maana yule mtu akilala Ramadhani hata wale wapiga ngoma wa mtaani wapite juu ya kichwa chake hasikii. Namuamsha saa 10, napasha ubwabwa wa jana na maharage, na mara nyingi nilikuwa nakula naye hukohuko, halafu mchana nakula tena. Alinisema sana kwa hilo.

Mpita_Njia_88

Hii chai haina hata sukari. Muislamu gani atamuamsha mtu aende jumuiya? Si ni sawa na kumsaidia kwenye shirki?

Binti_wa_Tumbatu

@Mpita_Njia_88 kumuamsha mtu aliyelala hujamfundisha imani. Mimi Muislamu, mama yangu mlezi Mkristo, alikuwa ananipeleka madrasa kwa kiboko. Watu wa humu mnajua dini za kwenye klipu tu.

Mpita_Njia_88

Nimeuliza tu dada, sijamtukana mtu.

Mwana_Mbinga

Mkuu swali lako nilishamuuliza mwenyewe, tena kwa maneno hayohayo karibu. Akasema yeye anaogopa kuishi na mtu asiyemuogopa yeyote, maana umeshaona nini kilitokea kwenye kodi. Na mimi nikaishia hapo.

Tuendelee. 2023 zamu ya jumuiya ikafika kwangu. Nikataka kukataa, chumba futi kumi kwa kumi, nusu ni cha mtu mwingine, tena wa dini nyingine, nikamfuata mama mwenyekiti nimwambie wanirushe. Muheza akasema mbona hivyo, waje. Ijumaa usiku kaenda kuazima mikeka miwili na benchi la muuza kahawa, kafagia korido mpaka bombani, wapangaji wenzetu wanashangaa kuna nini, kuna posa? Asubuhi watu 19 wamejaa ndani na koridoni, yeye kakaa nje kwenye ndoo anakunywa kahawa mpaka tumalize. Kuna mzee kwenye maombi akasema "tumuombee na kijana huyu aliyetutandikia", nikamuona kwa mlangoni kainamisha kichwa, sijui kwa heshima au kwa aibu.

Mama mwenyekiti anatoka akamuuliza kwenu wapi, wazazi wazima? Akasema baba anaumwa. Mama akaandika kwenye daftari lake la wagonjwa. Muislamu wa Muheza kwenye daftari la jumuiya, mimi nikacheka kimoyomoyo.

Haukupita mwezi. Usiku wa saa 5 simu ikaita, baba kafariki. Wenzetu hawalazi maiti, ukichelewa unakuta kaburi. Tukahesabu pesa za watu wawili tukapata 31,000, na akifika kule yeye ndo mtoto wa kiume mkubwa, hawezi kufika mikono mitupu. Sijui nilifikiria nini nikampigia mama mwenyekiti saa 5 na nusu usiku. Akaniambia kaa hapo. Akapita nyumba hadi nyumba na khanga kichwani, kuna mweka hazina mmoja mkali akamwambia mama, mfuko wa jumuiya ni wa wanajumuiya, kuna katiba. Mama akamjibu "sijaja kwa mfuko, nimekuja kwa mifuko yenu". Saa 7 usiku kaja na 94,000, na nyingine za sarafu.

Alfajiri tuko stendi ya Magufuli Mbezi. Nilienda naye, sikuwa na nguo ya kufaa, nikavaa kanzu yake ikanifika katikati ya muundi kama nimeivua kwa mtoto. Tumefika Muheza kwenye saa 7 mchana, maiti imeshaoshwa wanamsubiri yeye tu. Sasa jeneza linatoka, jamani wale watu wanavyobeba! Mnapokezana mbio mbio, kila mtu anaingiza bega hatua chache anatoka, mwingine anaingia, na wanaenda kwa sauti moja la ilaha illa llah. Mimi nimebaki pembeni nimeshika mikono, naogopa nitaharibu kitu. Nikamuuliza mzee mmoja kwa sauti ya chini, mzee mimi Mkristo, naruhusiwa? Akaniangalia.

"Una bega?"

"Ninalo."

"Basi ingia."

Nikaingia. Kaburini nikatupa mchanga mara tatu kama wengine. Walipoanza dua mimi nikasema Baba Yetu moyoni, kimyakimya, sikujua nyingine inayofaa.

Kibopa_wa_Tandika

Nipo kwenye daladala hapa macho yamejaa, konda ananiuliza nauli namuangalia tu.

Mzee_wa_Hoja

Haya, hapo kwenye bega nimekaa kimya. Endelea.

Shangazi_Mdogo

Mama mwenyekiti apewe maua yake. "Mifuko yenu" 😭

Mwana_Mbinga

Mama yupo, na juzi kanidai bahasha ya mavuno kama kawaida, hajui kama ni staa huku.

Hii inayofuata sipendi kuisimulia ila bila hii uzi haujakamilika. Tarehe 16 Novemba 2024, Jumamosi. Wote tunakumbuka, ghorofa la Kariakoo lilivyoporomoka asubuhi. Mimi nilitoka jumuiya nikachelewa kuondoka, niko Manzese nakunywa chai, meseji zikaanza kumiminika kwenye grupu la mawinga. Muheza alishaenda kazini tangu saa 1. Aggrey si pale palipoanguka lakini kwa kariakoo yetu ilivyobanana, mtu anatoka kununua kioo cha simu anazunguka mitaa minne, nani ajue alikuwa wapi. Nampigia, haipatikani. Nampigia, haipatikani. Mwendokasi ikatuacha mbali, watu wamefurika, nikaenda kwa miguu naingia huku nazuiwa natokea kule. Kulikuwa na watu wamefukiwa chini wanapiga simu kwa ndugu zao wakiwa hukohuko chini ya zege, hiyo kitu mpaka leo ikiita simu kwa ghafla nashtuka.

Nilimkuta saa 10 jioni. Kakaa kwenye ukingo wa barabara mweupe vumbi mwili mzima, hana kiatu kimoja, mikono imechunika. Kumbe aliposikia kishindo alikimbilia kule na mafundi wenzake, kabla vikosi havijajipanga wao wameshaanza kutoa matofali kwa mikono. Simu iliangukia hukohuko. Hatukusema kitu. Nikamnunulia maji, akanawa mikono, akanywa, akaniomba nimsindikize akaswali alasiri kabla haijampita. Watu zaidi ya 20 walikufa siku zile, kuna mmoja nilikuwa nampelekea wateja.

Sasa Jumapili watu wa jumuiya wakasema nitoe ushuhuda, kwamba jumuiya imeniokoa, ningewahi kazini ningekuwa pale. Nikakataa. Wakaona nina kiburi. Wakuu, mimi mtaa ule siku ile sikuwa na mchongo wowote, hata ningewahi nisingekuwa pale. Na hata ningekuwa, wale waliofukiwa nao walikuwa na mama zao wanaosali. Nikisimama pale na kipaza sauti niseme Mungu kanichagua mimi, yule niliyekuwa nampelekea wateja nimwambieje mkewe? Nilimuuliza Muheza, akasema wewe funga mdomo, nenda kwa mkewe peleka unga. Tukapeleka unga na mafuta.

Binti_wa_Tumbatu

Allah awarehemu wote. Hapo kwenye ushuhuda umesema kitu nilichokuwa nakitafutia maneno.

Mpita_Njia_88

Nafuta kauli ya chai. Nilimpoteza binamu pale.

Mwana_Mbinga

Pole sana mkuu. Pole kabisa.

...

Nimalizie. Mwaka 2025 mifungo ilianza karibu pamoja, Jumatano ya Majivu tarehe 5 Machi na wao walikuwa wameshaanza siku chache nyuma. Kwa mara ya kwanza tukawa wote wenye njaa ndani ya chumba kimoja. Mimi nikajitia kidume nikasema Kwaresima hii nafunga kama wao, kavu, mpaka magharibi. Siku ya nane Kariakoo jua la utosi nikakuta nimesimama mbele ya juisi ya miwa sijui nimefikaje. Nikanywa mbili. Jioni nikakaa futarini nimenyamaza, magimbi ya nazi, tambi, kaimati, uji wa pilipili manga, nilipika mwenyewe maana nilikuwa nawahi kurudi, na jamaa akanisogezea tende akasema "mfungaji tangulia". Alishajua. Kuna winga alimwambia.

Hukohuko kwenye Ramadhani akaniambia anaoa, binti wa kwao, mfungo mosi. Nilienda kwenye posa, nikaenda kwenye ndoa msikitini nikakaa nyuma kabisa na safari hii nilishona kanzu yangu. Kahamia Chamazi na mkewe. Tulipogawana vitu akaacha jiko la gesi, akachukua feni. Nilimwambia chukua na jiko, akasema mke wake ana lake.

Jumamosi iliyopita sikwenda jumuiya. Sikuwa mgonjwa, nililala tu mpaka saa 3. Jana nikatega alarm tatu, nikaenda nimechelewa, wanaimba wimbo wa kufunga. Mama mwenyekiti akaniuliza mwamshaji wako vipi, hajambo na mkewe?

Ndo hivyo wakuu. Maswali kama yapo nitajibu, ila kesho natoka mapema.

Mzee_wa_Hoja

Sina hoja leo. Mpigie simu jamaa umwambie umeandika uzi.

Mwana_Mbinga

Nimempigia. Kaniuliza kama nimeandika kwamba bado ananidai LUKU ya Aprili. Msimsikilize... kwa kweli ni mimi nadaiwa.

Kijana_wa_Kaliua

Mkuu samahani kutoka nje ya mada. Mimi nipo Dar miezi mitatu, nakaa kwa shemeji na geti limeanza kufungwa mapema 😅. Hiyo nusu ya chumba bado ipo?

Mwana_Mbinga

Ipo. 30,000 yako 30,000 yangu, ila mama anataka miezi 6. LUKU kwa zamu.

Kijana_wa_Kaliua

Dini gani unataka?

Mwana_Mbinga

Yoyote. Ila Jumamosi unaamka saa ngapi?

Kijana_wa_Kaliua

Mimi saa 11 nipo macho, nauza maziwa.

Mwana_Mbinga

Njoo PM.